Ndege ya mtumba: kilo 27 ambazo karatasi ilizificha

Wanunuzi walikuwa wawili, mkulima wa zabibu wa Hombolo na mfugaji mwenye ng'ombe Kongwa. Walitaka kuchangia ndege moja ndogo ya viti viwili ili waache kula vumbi la barabarani. Waliyoipata ni Zenith CH 701, ndege ya bati la aluminiamu iliyobuniwa na Chris Heintz miaka ya 1980. Kiwanda huiuza ikiwa vipande ndani ya sanduku, na aliyenunua huiunga mwenyewe kwa mchoro, drili na ribiti (pini za kubania bati). Hii iliungwa Afrika Kusini, ikasajiliwa kwa herufi za ZU-, na ilikuwa ikilala kwenye hanga la kiwanja binafsi kusini mwa Durban. Injini ni Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100, ya mwaka 2008, iliyofanya kazi saa 386. Muuzaji, ambaye ni mmiliki wa pili, alitaka dola 24,000.

Picha zilivutia: rangi mpya, magurudumu makubwa, redio mbili. Karatasi ya uzito iliyosainiwa na mwungaji wa kwanza ilisema ndege tupu ina kilo 271. Uzito wa juu kabisa kwa mchoro wa kiwanda ni kilo 500. Mkulima ana kilo 92, mfugaji 81, jumla 173. Toa hizo kwenye kilo 229 zinazobaki, unapata 56, ambazo ni lita 77 za petroli kwa kilo 0.72 kila lita. Matangi mawili ya mabawani hubeba lita 76. Kwa hesabu hiyo watu wote wawili wanaruka na matangi yamejaa, na hapo ndipo walipokaribia kutuma amana.

Walichofanya kwanza ni kumlipa mkaguzi wa kule kule Afrika Kusini, mtu anayezijua CH 701 na ambaye hakuwa amewahi kuihudumia ndege hiyo. Sharti la pili lina uzito kuliko la kwanza. Fundi aliyesaini ukaguzi wa mwaka jana hawezi kuja mwaka huu kusema aliruka jambo. Mkaguzi aliagizwa aanze na mizani kabla hata ya kufungua kifuniko cha injini.

Kupima ndege ndogo ni kazi ya saa mbili ikifanywa sawasawa. Unahitaji mizani tatu za aina moja, kila gurudumu na yake. Matangi yawe matupu, yabaki tu mafuta yasiyoweza kufika kwenye injini. Oili iwe kamili. Ndege isawazishwe kwa pimamaji kwenye sehemu ambayo mchoro umeitaja. Milango ya hanga ifungwe, kwa sababu upepo mdogo tu ukipita juu ya bawa la CH 701 hulinyanyua na mizani hudanganya. Kisha unabadilisha mizani nafasi na kupima upya. Gurudumu la kushoto lilitoa kilo 121, la kulia 118, la mbele 59, jumla 298. Mara ya pili tofauti ilikuwa nusu kilo.

Kilo 27 zilitoka wapi? Hakuna aliyeiba. Mwungaji alipima kabla ya kupaka rangi, na rangi mbili zilizopakwa juu ya praima si jambo dogo. Baadaye yakaja matairi makubwa, redio ya pili, betri nzito zaidi, zulia, sufi ya kuzuia kelele, na hita ya kupashia chumba cha rubani (hita, kwa ndege inayokwenda Dodoma). Kila nyongeza iliandikwa kwenye daftari kwa mstari mmoja, lakini hakuna aliyeirudisha ndege kwenye mizani. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye ndege za kuunga nyumbani, na halionekani kwa macho wala halisikiki injini ikiwaka.

Sasa rudia hesabu. 500 toa 298 ni 202. Toa 173 ni 29. Hizo ni lita 40, bila hata begi la nguo. Kongwa iko mashariki ya Dodoma, kilomita 75 hivi kwa mstari wa angani. CH 701 husafiri kwa noti 68 hivi, yaani kilomita 126 kwa saa. Upepo wa Dodoma nao hutoka mashariki sehemu kubwa ya mwaka. Ukiwa wa noti 20, kwenda ni dakika 51 na kurudi ni 28. Kwa lita 19 kwa saa hiyo safari inakula lita 25, ongeza 4 za kutambaa chini na kupanda, ongeza akiba ya nusu saa, unafika 38 na nusu. Imebaki lita moja na nusu ya kukosea. Mfugaji alipoiona hesabu hiyo alimwambia mwenzake, "Mzee, hii ni ndege ya mtu mmoja na nusu."

Wapo wanaotatua jambo hili kwa kalamu. Kwa kuwa ndege ya kuunga nyumbani haina cheti cha aina (hati ya mamlaka inayoidhinisha usanifu wa modeli nzima), kuna waungaji hujiandikia uzito wa juu wanaoutaka, 520 au zaidi, kwenye kibao cha ndani. Boriti ya bawa haisomi kibao. Ukiona namba iliyozidi ya kiwanda, dai hesabu za uimara zilizofanyiwa kazi. Zisipokuwepo, tumia ya kiwanda.

Na uzito wa Durban si uzito wa Dodoma, ingawa mizani itasema vile vile. Durban ni usawa wa bahari. Kiwanja cha Dodoma kiko futi 3,673. Kwa kimo hicho joto la kawaida la hesabu ni nyuzi 7.7. Mchana wa Oktoba, joto likiwa 30, kila nyuzi inayozidi huongeza futi 120 hivi kwenye kimo ambacho injini na bawa huhisi: tofauti ya 22.3 mara 120 ni futi 2,676, na jumla inafika takriban futi 6,350. Hapo injini isiyo na turbo inabakiwa na nguvu farasi 80 hivi kati ya 100, kasi halisi ya kunyanyuka huongezeka kwa asilimia 10, na mwendo wa ardhini kabla ya kuruka hurefuka kwa nusu au zaidi. Asubuhi ya nyuzi 18 hesabu hiyo hiyo inatoa futi 4,900. Njia ya kurukia ya kiwanja cha Dodoma ni ndefu mno kwa ndege hii, kwa hiyo hatari haiko pale. Hatari iko kwenye ukanda wa udongo shambani, wenye mibuyu mbele, saa nane mchana.

Baada ya mizani, injini. Saa 386 ziliandikwa kwenye tangazo kwa herufi nene, kama sifa. Zigawanye kwa miaka 16 unapata saa 24 kwa mwaka, saa mbili kwa mwezi. Rotax iliyofanya kazi saa 1,000 ndani ya miaka sita ni ya kuaminika zaidi kuliko hii. Injini inayolala hupata unyevu kwenye oili, mipira hukakamaa, na mabaki ya petroli huganda kwenye kabureta. Kiwanda cha Rotax huweka muda wa kufanya ukarabati mkuu kwa saa na kwa kalenda, chochote kitakachotangulia. Kwa injini za 912 ULS za karibuni ni saa 2,000 au miaka 15, na za zamani hupewa pungufu kulingana na namba ya injini. Kwa kalenda, hii ilikuwa imekwisha. Haimaanishi itazimika kesho. Inamaanisha unanunua injini ambayo siku ya kuiuza wewe, mnunuzi wako ataihesabu kuwa sifuri, na mpya inazidi dola 20,000.

Mipira ina kalenda yake: miaka mitano. Hapo kuna paipu zote za mafuta, za oili na za maji ya kupoozea, shingo za mpira zinazoshika kabureta mbili za Bing, viwambo vya ndani ya kabureta, na pampu ya mafuta. Daftari lilionyesha paipu za upande wa injini zilibadilishwa 2019. Za mabawani, zinazotoka tangini na kupita nyuma ya viti, hazikutajwa popote. Mkaguzi alizibana kwa vidole: zilikuwa ngumu kama mti, zikiwa na nyufa ndogo kwenye mkunjo. Hapo ndipo petroli huvujia ndani ya chumba cha watu. Shingo za kabureta hukaguliwa kwa kuisukuma kabureta pembeni huku ukimulika tochi. Ufa wa juujuu unavumilika hadi safari ya duka, ufa wa kupenya huingiza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na hatimaye kabureta inaweza kuchomoka.

Kuna kitu kidogo kinachosahaulika, maboya, vielea vinavyozuia petroli kabureta ikijaa. Kila kabureta ina mawili, na yakinyonya petroli huzama, kabureta hufurika, injini hunguruma vibaya ikiwa taratibu. Jozi haipaswi kuzidi gramu 7. Mizani ya dhahabu ya sokoni inatosha kupimia. Jozi ya kushoto ilitoa 6.4, ya kulia 7.9.

Mgandamizo ulipimwa injini ikiwa ya moto, kwa hewa ya psi 87 (psi ni kipimo cha shinikizo) kila silinda. Kiwanda kinaruhusu kupungua hadi asilimia 25, yaani mita isishuke chini ya 65. Silinda tatu zilitoa 82, 81 na 80. Ya nne 71. Imo ndani ya mpaka, lakini inauliza swali. Ukisikiliza kwenye ekzosi na kusikia mlio wa hewa, ni valvu. Ukifungua tangi la oili na kusikia huko, ni ringi. Hapa ilikuwa valvu ya ekzosi, na kwa injini iliyolala sana mara nyingi ni kaboni kwenye kikalio chake. Saa kumi za kuruka kwa nguvu ya kutosha husafisha, kisha unapima tena. Filta ya oili ilikatwa, karatasi yake ikatandazwa na kupitishwa sumaku: safi. Plagi ya sumaku ilikuwa na ukungu mwembamba wa chuma, ambao ni kawaida. Vipande vyenye kona visingekuwa kawaida.

Giaboksi ina jaribio la bure ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ekseli ya injini ikifungwa kwa bolti yake maalumu, propela huwa na mchezo wa nyuzi kadhaa, na kuizungusha ndani ya mchezo huo kunapaswa kuhitaji nguvu ya kuzungusha kati ya Nm (nyutoni-mita) 25 na 60. Funga mizani ya kuvuta umbali wa nusu mita kutoka katikati ya propela: kilo 5 hadi 12 ni sawa. Ilisoma 7.5. Ikiwa chini ya hapo, klachi ya ndani imechoka, au propela iliwahi kugonga kitu na hakuna aliyeandika.

Mwili wa ndege ndio uliowatia hofu wanunuzi, kwa sababu ndio unaoonekana. Ndege imeishi karibu na bahari miaka yote, na chumvi hula aluminiamu kimyakimya kwenye maungio, ikiacha unga mweupe. Kilichomwokoa muuzaji hapa ni albamu ya mwungaji wa kwanza: picha zaidi ya 200, zikiwemo za boriti na mbavu zikiwa zimepakwa praima kabla ya kufungwa. Kamera ndogo ya mrija ilipitishwa mabawani ikathibitisha. Albamu ya namna hiyo ina thamani kuliko rangi mpya. Ndege isiyo na picha hata moja ya ndani yake tunaihesabu kuwa haina praima, hata mwenyewe aseme nini.

Gurudumu la mbele lilikuwa na habari nyingine. Kwenye CH 701 mguu wa mbele ni bomba linaloteleza juu na chini, likishikwa na kamba nene ya mpira. Ndege hii hutua kwa mwinuko mkali. Rubani akipunguza nguvu mapema na kulegeza usukani, pua huanguka na mguu hupiga ukuta wa moto, bati linalotenga injini na chumba, lililo mbele ya miguu yake. Dalili hutafutwa kona za chini za ukuta huo. Kulikuwa na kunyanzi la urefu wa kidole upande wa kulia, na ribiti sita zenye mkia mweusi nyuma yake, ule unga wa aluminiamu unaotoka ribiti ikicheza kwenye tundu. Rula ya chuma iliyowekwa kwenye bomba ilionyesha limepinda milimita 4. Ribiti mbili zilikuwa za dukani. Zinatambulika: ribiti za Zenith hutoka na kichwa bapa, na pua maalumu ya kivutio ndiyo inayokifinyanga kiwe kibonge cha mviringo, kwa hiyo kichwa cha umbo tofauti katikati ya safu kinasema mtu alitengeneza bila kuandika. Muuzaji alidai hajui. Inawezekana, maana alikuwa mmiliki wa pili.

Vifaa vya umeme havikuchukua muda. Nyaya zilikuwa na lebo, swichi zote zilifanya kazi.

Barua ya kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, ilikuwa imekwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ndege ya aina hii haiwezi kupata cheti kamili cha ustahiki wa kuruka kinachofuata Kiambatisho cha 8 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa kuwa haina cheti cha aina. Inaruka kwa kibali maalumu chenye masharti, na kibali cha nchi moja hakivuki mpaka chenyewe. Kwa hiyo swali la wanunuzi lilikuwa mahususi na la maandishi: modeli hii, namba hii ya sanduku la kiwanda, injini hii yenye umri huu, ikifutwa rejista ya Afrika Kusini, mtaikubali kwa herufi za 5H- kwa masharti gani na mnataka nyaraka zipi? Jibu la mdomo halikuhesabiwa. Sambamba na hilo walimtafuta fundi mwenye leseni atakayekubali kusaini ndege isiyo na cheti cha aina, na wakala wa forodha aliyewapa kadirio la kodi kwa maandishi. Ukikosa mmoja kati ya hao watatu, unanunua pambo la uani.

Kongwa, kwa taarifa tu, inazijua mashine za mitumba. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 uliletewa matrekta ya masalia ya vita, mengi yakiwa yamechoka kabla hayajagusa udongo.

Kuirusha kutoka Durban kungekuwa zaidi ya kilomita 2,600, na kila nchi ya njiani ingetaka ruhusa yake kwa sababu ya kibali kile kile. Kontena lilikuwa rahisi. La futi 20 halitoshi: ndani lina mita 5.9, na mwili wa ndege ni mita 6.4. La futi 40 lilichukua mwili, mabawa yaliyosimamishwa kwenye vitanda vya mbao vyenye zulia, na mkia uliofunguliwa. Matangi yalikaushwa na kuachwa wazi siku mbili, betri ikatolewa, kila kebo ikafungwa lebo pande zote mbili.

Mazungumzo ya bei yalifanyika kwa orodha, si kwa kulalamika. Mguu wa mbele na ukarabati wa ukuta wa moto; mipira yote na maboya; kalenda ya injini; na uzito. Muuzaji alikubali vitatu vya kwanza bila ubishi mkubwa. Kuhusu uzito alikasirika, akisema ndege imeruka hivyo miaka yote. Wanunuzi walimtumia hesabu ya lita 40 na kumwomba aseme angeitangaza vipi kwa mnunuzi mwingine, akiijua. Bei ikatua 17,500. Asilimia 10 ilikaa kwa mwanasheria kama amana ya kurudishwa, na malipo ya mwisho yalifungwa kwenye hati ya kufutwa rejista pamoja na madaftari, mchoro, albamu na mkataba wa mauzo vikiwa mkononi.

Dodoma, kabla ya kuiunga, vilitolewa hita, zulia, redio ya pili na nusu ya sufi. Nati za kujikaza na pini za kukunja hazikurudiwa hata moja. Mtu wa pili, ambaye hakushika spana, ndiye aliyekagua mwelekeo wa usukani: fimbo kushoto, flaperoni (bati la nyuma ya bawa linalolaza ndege upande) ya kushoto inapanda. Mizani ilisoma 291. Watu wote wawili sasa wana lita 50.

Chujio za hewa zinasafishwa kila saa 25 kwa ajili ya vumbi, na bawaba za flaperoni hazipakwi grisi, maana grisi na vumbi ni msasa. Propela ilirekebishwa pembe, kwa kuwa ile ya usawa wa bahari haikuiachia injini ifike mizunguko 5,200 kwa dakika ikipanda. Na kila ndege ikilala, matundu ya kupumulia matangi hufunikwa kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, kwa sababu nyigu wa Dodoma anahitaji mchana mmoja tu kuliziba tundu kwa udongo, na tangi lisilopumua huacha kutoa mafuta dakika chache baada ya kuruka. Kifuniko cha kushoto kilishapotea mara moja. Fundi alichomeka waya mwembamba tunduni, ukatoka na tope likiwa bado bichi.